Nusu ya Mshahara wa Price: Kisa cha Boston Kumwachia Mookie Betts

Kuhusu kisa hiki

Februari 2020 klabu ya besiboli ya Boston Red Sox ilimtoa Mookie Betts, mchezaji wake bora, ikampeleka Los Angeles Dodgers. Wachezaji, viongozi na fedha ninazozitaja hapa ni mambo ya hadharani. Niliowaficha ni watu wangu: sisi saba wa ghala moja mjini Lowell, Massachusetts, tulioipigia kura biashara hiyo kantini kabla haijafanyika. Jina la kampuni, majina ya wenzangu na zamu zao nimeyaondoa. Kura yangu sijaificha. Nilitia sahihi chini ya safu iliyoandikwa "Auzwe".

Usuli

Neno "auzwe" ndilo la kwanza kunipotosha. Nimekulia Kenya nikishabikia Arsenal, na katika soka mchezaji huuzwa kwa pesa taslimu. Besiboli ya Marekani kwa kawaida haifanyi hivyo. Klabu hubadilishana watu: nikupe nyota wangu, unipe chipukizi wako watatu, na mikataba yao inahama pamoja nao. Ukimchukua mtu umechukua na mshahara wake, isipokuwa klabu anayotoka ikubali kubeba sehemu.

Mchezaji kijana hufungwa na klabu yake kwa takriban misimu sita tangu aingie ligi kuu. Misimu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini. Baadaye mshahara hujadiliwa kila mwaka, na wasipoelewana huenda mbele ya wasuluhishi: mchezaji anaweka tarakimu yake, klabu inaweka yake, na wasuluhishi wanachagua moja. Hawakati katikati. Misimu sita ikiisha, mchezaji yuko huru kwenda atakako.

Halafu kuna kodi ya anasa. Ligi haijaweka kikomo cha mishahara, ila imechora mstari. Mwaka 2019 mstari ulikuwa dola milioni 206, na 2020 ukawa 208. Ukiuvuka mara ya kwanza unatozwa asilimia 20 ya kiasi kilichozidi. Mwaka wa pili mfululizo, 30. Wa tatu na kuendelea, 50, na juu ya hapo kuna nyongeza kwa anayezidisha sana. Ukishuka chini ya mstari kwa msimu mmoja tu, hesabu inaanza upya kwenye 20.

Betts sisi wa Lowell tulimjua kabla ya wengine. Timu ya chipukizi ya Red Sox, Lowell Spinners, ilikuwa ikicheza hapa hapa mjini kando ya mto Merrimack, na mwaka 2012 alikuwa kijana mwembamba wa kituo cha pili. Alicheza mechi 71 asipige hata homurani moja, yaani mpira hata mmoja uliovuka ukuta hewani. Nilimwona mara mbili na sikumkumbuka. Miaka miwili baadaye alikuwa ligi kuu.

Mwanzoni mwa 2018 yeye na klabu walifika kwa wasuluhishi. Betts alitaka dola milioni 10.5, klabu ikasema 7.5. Akashinda. Mwaka huo huo akapiga kwa wastani wa .346, yaani karibu mapigo 35 yaliyofaulu katika kila majaribio 100, homurani 32, akaiba vituo 30, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, akatangazwa mchezaji bora wa ligi yake, moja ya mbili zinazounda ligi kuu. Boston ikashinda mechi 108 na kutwaa World Series, fainali ya ubingwa, mbele ya Dodgers. Klabu ilikuwa imebishana na mtu kama huyo kwa sababu ya milioni tatu. Walikuwa na haki kisheria, ila jambo hilo liliniingia kichwani baadaye sana.

Kama kuna picha moja ya Betts ninayobaki nayo, ni ya Julai 12, 2018. Zamu ilikuwa mapumzikoni, runinga ya kantini iko juu ya mashine ya soda, na mrushaji wa Toronto, yaani anayemtupia mpigaji mpira, J.A. Happ, anahangaika naye huku vituo vyote vitatu vikiwa na wakimbiaji. Mpira baada ya mpira Betts anaukwangua unaenda pembeni, haufi wala hauingii. Mtu mmoja alianza kuhesabu kwa sauti. Tulipofika kumi msimamizi akaacha kutuambia turudi kazini. Mpira wa 13 akaupeleka juu ya ule ukuta mrefu wa kijani wa Fenway, pointi nne kwa pigo moja, akazunguka vituo akipiga kelele kuelekea benchi lake. Tulichelewa dakika sita kurudi na hakuna aliyeandikwa.

Maamuzi yaliyotangulia

Ukianza kusimulia kisa hiki Februari 2020 utakielewa vibaya, kama nilivyokielewa mimi wakati huo. Kianze Desemba 2015, mkuu wa masuala ya michezo akiwa Dave Dombrowski, klabu ilipomsajili mrushaji David Price kwa miaka 7 na dola milioni 217. Hakuna mrushaji aliyewahi kupewa kiasi hicho kabla yake.

Baada ya ubingwa wa 2018 furaha ilifungua pochi. Desemba, mrushaji Nathan Eovaldi alipewa miaka 4 kwa milioni 68. Machi 2019, Chris Sale, mrushaji mwingine, akaongezewa miaka 5 kwa milioni 145 ingawa alikuwa bado na mwaka mmoja mkononi, na ingawa bega lilikuwa limemsumbua nusu ya pili ya msimu uliopita. Mwezi uliofuata Xander Bogaerts akapata miaka 6 kwa milioni 120, na huo ulikuwa mkataba mzuri kwa klabu.

Piga hesabu ya warushaji watatu peke yao. Kwa wastani wa mikataba yao, Price, Sale na Eovaldi walikuwa wakila kama dola milioni 77 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya bajeti yote iliyo chini ya mstari wa kodi. Na mrushaji anayeanza mechi hushuka uwanjani mara moja kila siku tano. Betts alicheza karibu kila siku.

Tena kulikuwa na Dustin Pedroia, kipenzi cha mji, ambaye goti lilimruhusu mechi tisa tu katika misimu ya 2018 na 2019, huku mkataba wake ukichukua zaidi ya milioni 13 kila mwaka kwenye hesabu ya kodi. Simlaumu. Ila tarakimu haina huruma.

Klabu ililipa kodi ya karibu milioni 12 kwa mwaka 2018 na milioni 13.4 kwa 2019. Msimu huo wa 2019, wakiwa na bajeti kubwa kuliko klabu yoyote, walishinda mechi 84 na kukosa mchujo. Septemba Dombrowski alifukuzwa. Mmiliki mkuu, John Henry, akaweka wazi kwamba klabu inataka kushuka chini ya mstari mwaka 2020. Oktoba akaajiriwa Chaim Bloom kutoka Tampa Bay, klabu inayojulikana kwa kufanya mengi kwa senti chache.

Kwa Betts ulibaki mwaka mmoja. Kwa mujibu wa vyombo vya habari, klabu iliwahi kumpa miaka 10 kwa milioni 300 na yeye akajibu kwa kuomba miaka 12 kwa milioni 420. Januari 2020 wakakubaliana milioni 27 kwa mwaka huo mmoja, rekodi kwa mchezaji ambaye bado hajawa huru.

Kura ya kantini

Januari hiyo mmoja wetu, raia wa Jamhuri ya Dominika aliyezaliwa na besiboli mdomoni, alibandika kadibodi kando ya saa ya ukutani. Safu tatu: "Auzwe", "Abaki mwaka wake", "Alipwe anachotaka". Niliiandika kwa Kiswahili chini ya Kihispania na Kiingereza, kwa kuwa tulikuwa watatu tunaozungumza Kiswahili na mmoja, mzee wa pwani, hakupenda kupiga kura kwa lugha ya bosi.

Sababu yangu niliiona ya kisomi. Alexis Sánchez aliondoka Arsenal Januari 2018 kwa kubadilishwa na Mkhitaryan kwa sababu mkataba ulikuwa unakwisha. Aaron Ramsey akaondoka bure 2019. Nilikuwa na kidonda. Nikasema mchezaji wa mwaka mmoja anayekataa kusaini apelekwe anakotakiwa, tupate chochote.

Mzee alitia alama kwenye "Abaki".

"Kijana wangu, wewe unaogopa kuachwa. Mwaka mmoja wa yule ni mali."

"Mzee, mwakani ataondoka na hatupati kitu."

"Nani kakwambia hatupati kitu? Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Mchezaji huru akikataa ofa maalumu ya klabu yake na kusaini kwingine, klabu iliyoachwa hupewa nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi. Ni fidia ndogo, lakini ipo. Nilileta sheria ya soka kwenye mchezo usio soka.

Matokeo: wanne "Auzwe", wawili "Abaki", mmoja "Alipwe". Yule mmoja ni Mdominika mwenyewe, na tulimcheka.

Biashara yenyewe

Februari 4 habari zilitoka kwamba klabu tatu zimekubaliana: Betts na Price waende Dodgers, Boston impate Alex Verdugo kutoka Dodgers na mrushaji kijana Brusdar Graterol kutoka Minnesota. Boston ikasoma taarifa za kitabibu za Graterol ikasita. Siku kadhaa za kuvutana. Mwisho Minnesota ikatoka kwenye mpango huo, na Boston ikapokea Verdugo pamoja na chipukizi wawili wa Dodgers, Jeter Downs na Connor Wong. Graterol naye akaishia Dodgers kwa biashara nyingine.

Kipengele kilichopita haraka kwenye taarifa ndicho ninachotaka tukae nacho. Price alikuwa bado anadai dola milioni 96 kwa miaka mitatu. Dodgers walichukua nusu, Boston ikabaki kulipa nusu, milioni 48. Kwa hiyo katika msimu wa 2020 Boston ilijiondolea zaidi ya milioni 40: yote ya Betts na nusu ya Price. Ikashuka chini ya mstari wa kodi.

Kantini siku hiyo kila mtu alikuwa na Babe Ruth mdomoni, nyota ambaye Boston ilimuuza kwa mahasimu wake, New York Yankees, kwamba klabu imerudia kosa la Desemba 1919. Mimi naona mfano huo unafunika zaidi ya unavyofunua. Ruth aliuzwa kwa fedha, mauzo hasa. Hapa hakuna aliyeleta fedha. Betts alitumika kama kipande cha nyama kinachofungwa kwenye dawa ili mbwa aimeze, na dawa ilikuwa nusu ya Price.

Matokeo

Machi 2020 Sale alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na hakurusha mpira hata mmoja msimu huo. Korona ikafupisha msimu hadi mechi 60. Price aliamua kutocheza mwaka huo. Boston ilishinda 24 na kupoteza 36, ya mwisho katika kundi lake. Kodi haikulipwa na hesabu ikarudi kwenye asilimia 20, kama ilivyokusudiwa.

Julai 22, kabla ya kucheza mechi rasmi hata moja na Dodgers, Betts alisaini miaka 12 ya nyongeza kwa milioni 365. Oktoba akawa bingwa. Akarudia 2024 na 2025.

Mwaka 2021 Boston ilinyanyuka, ikashinda mechi 92 na kufika hatua ya kabla ya fainali, Eovaldi akiwa mmoja wa warushaji bora wa ligi. Kwa miezi michache kura yangu ilionekana ya busara na sikukosa kusema hivyo kantini.

Kisha 2022 na 2023, mara zote mbili ushindi 78 na nafasi ya mwisho kwenye kundi. Januari 2023 Henry alizomewa na mashabiki mbele ya uso wake. Septemba Bloom akafukuzwa. Downs alicheza mechi 14 tu na Boston kabla ya kuachwa. Verdugo alipelekwa kwa Yankees Desemba 2023. Wong alibaki na kuwa mdakaji wa kawaida wa timu. Sale, baada ya miaka ya majeraha, alipelekwa Atlanta huku Boston ikiongeza fedha juu, na 2024 akashinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi ya kitaifa akiwa na jezi ya wengine.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, maana lipo. Lengo la mmiliki lilikuwa kushuka chini ya mstari, na walishuka. Hofu kwamba Betts ataondoka pia haikuwa ya kijinga: alikuwa amesema mara nyingi kwamba anataka kuifikia siku yake ya uhuru. Wanaosema leo "si alisaini Los Angeles?" wanasahau kwamba alisaini katikati ya korona, viwanja vitupu, hakuna aliyejua soko la wachezaji huru litakuwaje. Wala si haki kumhukumu Bloom kwa ubingwa wa Dodgers wa 2020, kwa sababu hakuwa nao mezani alipoamua. Alikabidhiwa amri, muda mfupi na mikataba iliyosainiwa na mtu mwingine.

Lakini hebu tuipime kodi yenyewe. Chukua mfano wa kufikirika: bajeti ya milioni 238, yaani 30 juu ya mstari wa 2020. Asilimia 50 ya 30 ni 15. Nyongeza ya asilimia 12 kwa zile 10 zinazopita 20 za mwanzo ni 1.2. Jumla milioni 16.2. Hiyo ndiyo bei ya kuvuka mwaka mmoja zaidi. Mshahara mzima wa Price kwa mwaka ni 32, na Boston ilikubali kulipa 16 kila mwaka kwa miaka mitatu ili achezee wengine. Kodi waliyoiona haivumiliki na fedha walizotoa ili waiepuke ni karibu tarakimu ile ile, ila ya pili ni mara tatu. Tofauti ni kwamba kodi ingebaki na Betts uwanjani.

Hapo ndipo kura yangu ilikosea, na hapo ndipo naona wengi wetu tulikosea. Tulijadili kama Betts aende au abaki. Swali lililokuwa mezani lilikuwa jingine: je, Betts atumike kumsafirisha Price? Klabu inayomtaka nyota inalipa kwa chipukizi. Klabu inayobebeshwa na mzigo juu yake inapunguza chipukizi hao. Thamani ya Betts iligawanywa, sehemu ikarudi kama Verdugo na wenzake, sehemu ikarudi kama milioni 48 ambazo Boston haikulipa. Ile ya pili haichezi.

Kwa mpangilio wa maamuzi naona kosa kubwa zaidi, na hili halimhusu Bloom. Kati ya Desemba 2018 na Aprili 2019 klabu ilikuwa na fedha na nia ya kutoa mikataba mirefu. Ilianza na warushaji, ambao mikono yao huharibika, mmoja wao akiwa na bega lililokwisha kutoa ishara. Kijana wa miaka 26 mwenye tuzo ya mchezaji bora akawa wa mwisho kwenye foleni, na foleni ilipomfikia mstari ulikuwa umejaa. Baada ya hapo kila mtu akaanza kusema Betts ni ghali. Hakuwa ghali kuliko Sale na Eovaldi wakijumlishwa, kwa yale aliyoomba: 420 kwa miaka 12 ni 35 kwa mwaka, nao wawili ni 46.

Na mstari wenyewe? Walioutetea walituambia ni nidhamu. Mwaka 2022 Boston iliuvuka tena, safari hii kwa kiasi kidogo sana hata kodi ikawa kama milioni 1.2, na timu ikamaliza mkiani. Adhabu iliyouma ilikuwa pengine: Bogaerts alipoondoka kwenda San Diego kwa miaka 11 na milioni 280, fidia ya Boston ilishuka hadi baada ya raundi ya nne ya uchaguzi wa chipukizi kwa sababu walikuwa juu ya mstari. Walimtoa Betts kwa ajili ya mstari, kisha wakauvuka kwa uzembe wa chenji wakiwa na timu mbovu. Hapa siwezi kuwa mpole. Kuvuka kwa milioni 30 ukiwa na mchezaji bora ni uamuzi, hata kama ni mbaya. Kuvuka kwa kiasi kidogo namna ile, wakati ungeweza kumtoa mtu mmoja Julai ukawa chini, ni kutosoma karatasi yako mwenyewe.

Kuna jambo la wasuluhishi wa 2018 pia. Siwezi kusema milioni tatu zile ndizo zilizofanya Betts agome kusaini. Ninachoweza kusema ni kwamba mfumo unaomkalisha mtu aisikilize klabu yake ikieleza kwa nini hastahili anachoomba, halafu miezi kumi baadaye ukamwomba awe mwanafamilia kwa miaka 10, unaomba mengi.

Sisi mashabiki tulifanya nini? Tulikuwa tumezoea kununua pamoja tiketi za mechi kadhaa kila msimu. Korona ilituondolea uamuzi wa 2020. Mwaka 2021 watatu waliacha, na wawili kati yao ni wale waliopiga kura "Auzwe". Betts alipokuja Fenway kwa mara ya kwanza na jezi ya Dodgers, Agosti 2023, watu walisimama kumshangilia, na sisi watatu wa Kiswahili tulikuwa tumenunua viti vya upande wa kulia, uga wake wa zamani. Mdominika alikuwa amehama jimbo. Alituma ujumbe wenye neno moja tu: "Alipwe."

Juni 15, 2025 Boston ilimtoa Rafael Devers, ambaye miaka miwili na nusu kabla alikuwa amepewa milioni 313.5 kwa miaka 10, ikampeleka San Francisco Giants, siku hiyo hiyo walipomaliza kuwafagia Yankees, yaani kuwashinda mechi zote za mfululizo wao. Mzee alishastaafu. Alinipigia simu usiku.

"Safari hii wamelipa nusu ya nani?"

"Hapana, Mzee. Giants wamebeba mkataba wake wote."

"Wote kabisa? Na huko hakuna aliyekuja na mkataba wake?"

Nikafungua simu nikasoma tena taarifa. Kati ya waliokuja alikuwamo mrushaji Jordan Hicks, mwenye mkataba wa milioni 44 kwa miaka minne, miaka miwili na ushei ikiwa bado haijalipwa.

"Yupo mmoja," nikasema.

"Basi ndiye huyo," akasema, na akaanza kuuliza habari za watoto.